Gonga Moja, Gonga Mbili

Alumini haioti kutu nyekundu kama msumari.
Huota unga,
mweupe, laini, kama poda ya mtoto,
na rangi iliyo juu yake huvimba malengelenge
hata ukiibonyeza kwa ukucha
kidole kinazama ndani ya ndege.

Ami Yarub hatazami kwanza. Anasikiliza.
Huchukua sarafu ya baisa hamsini, akaigongagonga ngozi
kuanzia mlangoni kwenda mkiani:
ti, ti, ti, ti,
halafu tu.
Hapo huchora duara kwa chaki, akaendelea,
kama daktari asiyetaka kumtisha mgonjwa.

Duara ishirini na tatu kabla ya adhuhuri.
Hapa Hilf chumvi haibishi hodi:
imo kwenye kufuli, kwenye mkate, kwenye nyusi za mbuzi,
na ndege hii imekaa Masira miaka mingi kunishinda.
Bati jipya lilivuka kwa feri ya Shanna
limeviringishwa ndani ya blanketi la bibi;
mkata tiketi akauliza zulia hili la nani.

Mimi ndiye mwembamba, basi mimi ndiye wa ndani.
Nalala chali kati ya mbavu zake,
fuawe ya mkononi kifuani, tochi mdomoni,
jasho linanijaa masikio.
Yeye yuko nje na bunduki ya ribiti.
Hatuonani. Lugha yetu ni fupi:
nikigonga moja, imekaa;
nikigonga mbili, rudia.
Ami huswali kwa Kiarabu, hutukana kwa Kibaluchi,
lakini ribiti huzihesabu kwa Kiswahili
alichotoka nacho Wete akiwa na miaka saba:
thelathini na nane, thelathini na tisa, arubaini,
taratibu, kama mtu anayelipa deni.

Siku ya nne, nyuma ya bawa la kushoto,
alipokwangua rangi tukakikuta kiraka.
Cha mraba, pembe kali, hazikuviringwa.
Hakina ribiti. Kwa ndani naziona ncha za skrubu,
chuma kwenye alumini, bila hata utando wa rangi kati yao,
na chumvi ikawa mshenga.
Pande zote bati limeoza kurasa kurasa
kama kitabu kilicholala mvuani.
“Mjinga gani huyu?” nikasema.

Msasa ukanyamaza.
Nikaona jicho lake moja kwenye tundu.
“Buthaina,
huyu mjinga alikuwa na miaka kumi na tisa.
Rubani alitaka kuruka kabla jua halijazama.
Ribiti zilikwisha. Nikasema, itashika.”
Akapenga kamasi.
“Na ilishika. Hilo ndilo baya lake.”

Hakuongeza neno. Tulikata hadi kulifikia bati zima,
tukaviringa pembe zote nne kwa tupa,
tukapaka rangi ya manjano, ile ya chini isiyoonwa na mtu,
tukanywa kahawa ikikauka.
Zile skrubu kumi na mbili alizitia mfukoni mwa ovaroli.
Zinalia akitembea.

Ribiti ya mwisho aliipiga magharibi ikikaribia.
Nikaupapasa mkia wake kwa kidole:
umesimama bado, kidogo tu,
unene wa ukucha.
Ingeshika.

Nje Ami anangoja.
Nazisikia skrubu.
Nikagonga mbili.