Herufi Moja

Ambilikile mchora vibao alikuja na brashi mbili
na haraka ya mtu aliyeacha komoni mezani.
Akaandika kwa buluu, juu ya mlango wangu hapa Mwanjelwa,
ghorofani, juu ya duka la mbolea:
SUBILAGA MWAKIBINGA, MSHAURI WA UHAMAJI.
Nikahesabu herufi. I moja imeanguka njiani.
"Kurudia ni elfu tano," akasema, keshaanza kushuka ngazi.
Elfu tano ilikuwa chakula changu mpaka Ijumaa.
Nikaiacha.

Meza ya msonobari, bado inatoa utomvu.
Viti viwili, cha mteja na cha mteja wa pili;
mimi nakalia ndoo.
Cheti ukutani, kimejikunja kwa baridi ya Juni.
Muhuri mpya: niliujaribu kwenye gazeti, kwenye kiganja,
kwenye risiti ya muhuri wenyewe.

Siku kumi na moja.
Waliopanda ngazi: muuza karanga,
mtu wa kodi,
dada mmoja aliyetaka kujua choo kiko wapi.
Mama akapiga simu kutoka Kyela: "Wamekuja?"
"Wanakuja," nikasema.
Hiyo *-na-* ina huruma sana.

Mama haielewi kazi yangu.
Bibi yako, anasema, alivuka Songwe kila Jumatatu
na mkungu kichwani, kumwona dada yake upande wa Karonga,
wala hapakuwa na fomu ya kumuuliza
kama amewahi kuishi nje.
Na mto wenyewe, masika yakizidi, huhama.
Unalala ng'ambo, unaamka huku,
mpunga ule ule, umande ule ule miguuni.

Siku ya kumi na mbili akapanda mwanamume mrefu,
fimbo mkononi, katambuga,
vumbi la Usangu limemfika magotini.
Lukelesha. Ng'ombe mia na arobaini.
"Nimesoma kibao," akasema. "Tumefukuzwa bondeni.
Nishauri nihamie wapi."

Nilitaka kucheka. Niliangalia ndoo.
Nikamwambia ukweli: fundi alikosea,
mimi ni mtu wa pasi, viza, vibali,
mipaka ya nchi. Malisho siyajui.
Hakuinuka.
"Mipaka ya nchi," akasema taratibu,
kama anayeonja maziwa ajue yamechacha au bado.
Akatoa simu ya tochi mfukoni, akaomba nimsomee ujumbe
ambao, nadhani, alikwisha kusomewa na wengi:
*Baba niko rumande Nakonde. Sina karatasi.
Usimuuze yule mwekundu.*

Shigela, mwanawe. Alifuata lori la mahindi hadi Tunduma,
akavuka barabara kununua vocha,
barabara ambayo ukingo wake mmoja ni nyumbani.

Nikavuta karatasi. Jina kamili?
Tarehe ya kuzaliwa?
"Mwaka ule nyasi zilipokosekana. Mama yake alikuwa njiani."
Fomu ina visanduku vinane.
Nyasi hazikuingia.
Nikaandika kwa penseli, nikafuta, nikaandika.
Mkono ulitetemeka, nikasingizia baridi.

Chuoni walitufundisha kusema: *tutalishughulikia*.
Nikasema: "Sijawahi kufanya kesi kama hii."
Akafikiri.
"Nami sijawahi kuwa na mtoto rumande," akasema.

Bei nilikuwa nimezichapa, zimebandikwa nyuma yake.
Hakugeuka, nami sikumwonyesha.
Aliacha elfu thelathini, noti zenye harufu ya moshi,
na kibuyu cha maziwa ambacho nilikinywa chote
kabla miguu yake haijamaliza ngazi.

Jioni Ambilikile akachungulia, brashi sikioni.
"Dada, ile I niiongeze? Nakufanyia elfu tatu."
Nikamwambia aje Jumatatu.
Kesho Kosta ya saa kumi na moja alfajiri, Tunduma,
namba ya simu ya mtu mmoja anayemjua karani wa upande wa pili,
penseli,
na muhuri mfukoni,
ambao sijui hata kama huko
kuna atakayeuangalia.