Usizime Hii

Kazini wananiita Mtu wa Kompyuta,
kama mtu wa maji, kama mtu wa gesi.
Sina ubishi. Naomba tu wakinipigia
wasianze na "haifanyi kazi",
maana Jumatatu asubuhi hata mimi sifanyi.

Chumba changu kilikuwa stoo ya chama.
Magunia yalihamishwa zamani,
lakini ukifungua kabati la seva
harufu ya buni inakutangulia.
Feni zinavuma mchana kutwa.
Nazisikia pale tu zinaponyamaza.

Nina maoni yangu, sikuyatoa kitabuni.
Nywila iliyoandikwa chini ya kibodi
si siri, Mama Aikande, ni tangazo,
hata ukiigeuza karatasi.
Nakala rudufu ambayo hujawahi kuirejesha
ni posa, bado si ndoa.
Ijumaa baada ya chakula cha mchana
sigusi kitu, hata aje nani.
Na "zima, halafu washa" si ujinga:
wewe ukilala usiku unafanya nini?

Meneja amerudi kutoka semina ya Arusha
na neno jipya mdomoni: wingu.
Tuhamishie kila kitu winguni, Mallya, kila kitu.
Sisi wa Moshi tufundishwe wingu?
Saa nne asubuhi limeshaumeza mlima na barafu yake,
na mgeni aliyelipa dola aje kuuona
anaambiwa, upo, upo hapo hapo, subiri.
Sikatai. Nauliza tu:
katapila la barabara likikata waya wa mtandao
(mwaka huu mara tatu)
mkulima aliyesimama dirishani na kitambulisho chake
tutamwambia nini kuhusu pesa zake?
Zipo, zipo hapo hapo?

Moshi ya herufi kubwa ndiyo kwetu.
Ule wa herufi ndogo nimeuona mara moja,
mwembamba, ukitoka nyuma ya betri
siku umeme uliporudi kwa hasira.
Inatosha.

Lakini nilitaka kusema juu ya ile mashine ya pembeni.
Ya kijivu, haina jina, haina skrini,
na mgongoni karatasi, mwandiko wa Eliapenda
aliyenitangulia, akahamia Dodoma:
USIZIME HII.
Chini yake, kwa kalamu nyingine: Sijui kwa nini.

Nikacheka. Mimi ni kijana wa vyeti.
Nikachomoa waya, Jumanne, nikasubiri simu.
Jumatano kimya.
Jumatatu kimya.
Nikaanza kuegesha kikombe changu cha chai juu yake.

Siku ya tisa ikapigwa simu kutoka Uru.
Ndeonasia, karani wa mzani,
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusubiri sana:
"Samahani kukusumbua. Stakabadhi hazitoki.
Tulidhani ni sisi tumekosea."
Siku tisa, katikati ya msimu,
wamepima kahawa ya watu
wakiandika kilo kwa penseli
nyuma ya kalenda ya kanisa.

Nikachomeka. Ikakohoa, ikawaka,
haina kinyongo.
Kalenda niliifuata mwenyewe, kwa bodaboda, mvua ikininyea,
nikaingiza kilo jina kwa jina hadi saa sita usiku.
Mwezi wa nne ulikuwa na doa la mchuzi
juu ya tarakimu ya bibi mmoja: nane au tatu?
Nilimpigia asubuhi. Alizijua hata gramu.

Nilidhani kimya ni jibu.
Mara nyingine kimya ni adabu tu ya watu.

Karatasi sikuibandua.
Nilikata "Sijui kwa nini",
nikaandika: Uru. Mzani. Muulize Ndeonasia.
Halafu, kwa herufi ndogo,
tarehe niliyoizima, na jina langu.