Neno la Kitanda cha Nne

Batumi mvua haibishi hodi.
Inaingia na viatu vyake mpaka ukumbini,
na mimi, Nargiza, muuguzi wa zamu ya usiku,
nafuata nyuma na tambara.

Saa nane na robo, kitanda cha nne,
Tatia, miaka mitatu kasoro,
joto thelathini na tisa nukta nne,
akafumbua macho, akafumba midomo,
akaiachia:
mama.

Bi Nurhayat wa kitanda cha tano,
aliyevuka mpaka kutoka Hopa kumlinda mjukuu,
alikurupuka kabla yangu. Kwao Uturuki
mama ni chakula cha mtoto, ni kijiko na bakuli.
Akakoroga, akapuliza, akaonja kwa ncha ya ulimi.
Mtoto akageukia ukuta.

Mama.

Anirban, mwanafunzi wa udaktari, Mbengali wa Siliguri,
aliyekuwa amelalia kitabu cha mishipa ya damu,
akainua kichwa kama aliyeitwa darasani.
Kwao mama ni mjomba.
Dada yake kajifungua mwezi uliopita;
mpwa amemwona kwenye simu tu, amefumba ngumi.
Akasimama mlangoni
hajui mikono yake aiweke wapi.

Naye Yevdokia, mfagiaji, Mrusi,
akaegemea ufagio, akafoka:
"Anamtaka mama yake! Hamna masikio?"
Kwake neno hili lina mlango mmoja.
(Wajukuu wa Yevdokia humwita baba.
Usicheke. Kwao baba ni bibi,
na kitambaa chake cha kichwa na kila kitu.)

Tulikuwa wanne, tumelishika neno moja
kama shuka bichi linalokamuliwa,
kila mtu anasokotea upande wake.

Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nilijua.
Kwetu Jojia, mama ni baba.
Sikuligeuza mimi, nimelikuta hivyo.
Aliyetunyonyesha ni deda.
Ardhi ina deda ndani yake, mji mkuu una deda,
lugha ya kwanza ni lugha ya deda;
mama ni ndevu, ni koti lenye harufu ya tumbaku,
na jogoo tunamwita mamali.
Tatia alikuwa akimwita Jumber,
dereva wa winchi bandarini, mtu wa usiku kama mimi.

Daktari mmoja aliwahi kunieleza, huku akimenya yai,
kwamba pengine neno hili halina nchi.
Midomo ya mtoto inaliachia titi, sauti inatoka,
basi. Ni sisi tuliosimama kando ya kitanda
tunaogombea: kaniita mimi!

Deda wa Tatia yuko Bari, Italia.
Anamtunza ajuza wa miaka tisini na mmoja
aliyesahau majina yote, la kwake likiwemo,
akabakiwa na moja.
Usiku humkamata kiganja: mamma, mamma.
Alinipigia siku moja, ananong'ona jikoni:
"Nargiza, huu mwaka wa pili,
na bado nageuka kila anapoita,
nadhani baba yangu ameingia."
Baba yake walimzika Februari.
Yeye alikuwa Bari, hana karatasi za kurudi.

Saa kumi na moja Jumber akafika,
buti zinalia maji,
machenza matatu mfukoni, moja bado kijani ubavuni.
"Mama," akasema Tatia, polepole,
kama mtu anayehesabu chenji yake na kuikuta kamili.
Naye Jumber akapiga goti, akamjibu:
"Mama."
Ndiyo desturi yetu: mzazi humrudishia mtoto
jina lile lile aliloitwa nalo,
na huwezi kujua nani amemwita nani.

Yevdokia alikuwa tayari anadeki alama za buti,
anabubujikwa na Kirusi.
Uji wa Bi Nurhayat uliliwa na Anirban,
amesimama, umeshapoa,
mpaka akakwangua bakuli.