Punje Thelathini na Saba

Jioni ya kwanza nilizungumza na ukuta.
Ukutani palikuwa na grafu yangu, rangi kumi na moja,
nami nikawapa kisogo wasikilizaji wangu wanne
kana kwamba wananidai.

Chola alikaa nyuma, kikombe cha bati magotini,
mkononi konzi ya mahindi makavu.
Kila niliposema "yaani" aliangusha punje.
Ti.
Nilidhani mvua inaanza juu ya mabati ya Kampemba.
Yaani kiasi cha kobalti, ti,
yaani katika majani, ti,
hadi nikamaliza, akamwaga kikombe mezani:
thelathini na saba.
"Kuku wawili wangeshiba," alisema.

Profesa Mwepu hakucheka. Alivua miwani.
"Kilufya, una dakika kumi na mbili.
Slaidi ya kwanza imekula nne
ikitushukuru sisi tuliokaa hapa.
Ya tisa hatukuisoma, wala wewe, mlifukuzana tu.
Nipe namba moja. Moja.
Ukishaitaja, nyamaza, hesabu hadi tatu.
Iache itembee mpaka safu ya nyuma, itafute kiti."

Sikuweza.
Ukimya ulikuwa shimo,
nami ni mtoto wa mji wa migodi,
najua mashimo yanavyofanya watu.
Kwa hiyo nilijaza. Nilipoacha "yaani" nikajaza "basi",
Chola akaacha mahindi, akaleta maharagi.

Nilifanya mazoezi njiani kwenda soko la Kenya,
muuza makala akaitikia, "Ndiyo, daktari, na bei?"
Nilifanya mbele ya kioo chenye ufa, nikitafutia mikono makao:
mfukoni inaonekana ina deni,
mgongoni, imekamatwa,
ikining'inia, si yangu.

Kisha siku moja, nyuma ya nyumba,
nikamwambia mama: kaa, uwe profesa.
Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
wala hakuacha kufunga lengalenga zake za kesho.
Nikaweka kando Kifaransa, na maneno yote yanayovaa tai.
Nikasema: Mama, udongo wa kando ya mto una madini.
Lengalenga haijui kukataa, hunywa inachopewa.
Katika mafungu kumi niliyopima,
saba yamezidi kipimo.

Mkono wake ukasimama, kamba ikiwa nusu fundo.
Moja.
Mbwa wa jirani alibweka, akaacha.
Mbili.
Akalitazama fungu kama mtu anayetafuta jina alilolijua.
Tatu.
"Na ile niliyouzisha siku ya posho?"

Sikuwa na slaidi ya hilo.

Ijumaa ukumbi ulijaa, projekta ikavuma kama nyuki ndani ya chupa.
Nikageuka, nikawapa uso.
Slaidi sita, rangi mbili.
Nikasema saba kati ya kumi,
nikafunga mdomo.

Hakukuwa na shimo.
Kulikuwa na ua wetu, ndoo, kamba isiyokazwa.
Mwanamke wa safu ya tatu aliacha kuandika.
Mahali fulani nyuma, kiti kilikwaruza sakafu,
labda namba ilikuwa inakaa.

Mzee mwenye koti la kijivu akasimama:
"Sasa, mademoazeli, watu wale nini?"
Ulimi ukaanza "yaa", nikaumeza.
"Sijui bado," nikasema.
"Ninapima bustani zilizo mbali na mto."
Sauti haikutetemeka,
ila kidogo, mwishoni, kwenye neno mto.

Chola alinionyesha kikombe mlangoni: punje mbili.
Ya tatu, alidai, niliimeza mbele ya mashahidi.

Nyumbani mama hakuuliza ilikuwaje.
Alinawa, akapakua.
Bukari. Dagaa wa kukaanga.
Pale inapokaa mboga, meza tupu.
Nilikuwa na la kusema, na dakika zote za usiku.
Nilihesabu.