Wa Kumi na Nne

Shropshire, Oktoba 1908

Jongo lilimlaza Kanali Fenwick saa kumi jioni,
tukabaki kumi na watatu mezani,
na mama yangu, asiyemwogopa askofu wala mdai,
kumi na tatu humtoa jasho.
«Mwiteni yule wa nyaya. Ana koti?»

Alikuwa nalo. Lilimbana mabegani.
Wiki sita alikuwa kwetu akitoboa kuta,
akila peke yake katika chumba cha katikati,
si jikoni, si ukumbini,
maana hakuna aliyejua fundi wa umeme
anasimama daraja gani.

Kadi za majina huandika mimi.
Najua nani humtangulia nani,
mjane wa jaji, mwana wa pili wa lodi.
Nikaandika Bwana Alban Pruett
nikamtupa mwisho wa meza,
mkono ukiwa mzito kama wa mtoto wa chuo.

Siku tatu kabla, kwenye ngazi ya mashariki,
aliniomba nimshikie mshumaa.
Nilishika hata nta ikaniunguza, nikanyamaza.
Yeye ndiye aliyeona.
Akakipuliza kidole changu kama apulizaye uji,
kisha akakumbuka mimi binti wa nani.

Mezani nilipewa Bwana Lionel Astley:
ekari elfu nne, mbwa tisa.
Samaki hajaondolewa, nikawajua mbwa wote kwa majina.

Saa tatu, baba akaashiria.
Pruett akainuka, akabonyeza.

Mshumaa ni msiri; umeme ni mmbea.
Tukaona poda shingoni mwa shangazi,
kiraka cha kitambaa cha meza,
na ukutani, juu ya kiti cha baba,
mraba mweupe
palipokuwa na picha ya babu hadi majuzi.
Hakuna aliyeuliza picha imekwenda wapi.
Baba akaikata nyama iliyokwisha katwa.
Lionel akanitazama upya,
kama mtu aliyeambiwa bei imeshuka.

Na kule mwisho, Pruett
alitazama mraba ule, akatazama taa zake,
akaona aibu kwa niaba yetu.

Hesabu yake ilifika Novemba.
Taa arobaini na moja. Swichi thelathini.
Mstari wa chini kabisa:
Taa ya ngazi ya mashariki, imelipwa.

«Kijana huyu hajui hesabu,» baba alisema.
Nikasema, «Ndiyo, Baba.»

Aprili naolewa.
Orodha ya wageni ni mwandiko wangu.
Nimeihesabu mara mbili:
hakuna pengo.