Kisanduku cha Sababu

Fomu ya mkopo ina kurasa nne.
Jina: Holo Lushinge. Umri: arobaini na mbili.
Kazi: fundi wa mitambo ya barafu, kiwanda cha minofu, Igogo.
Mpaka hapo kalamu ilikwenda kama maji.

Kisha kikaja kisanduku, kidogo kama dirisha la choo:
madhumuni ya mkopo.
Chini yake wamepanga ada ya shule, ujenzi,
mtaji, matibabu, pembejeo.
Hakuna palipoandikwa: nimelisikia likipita.

Nami nililisikia Jumanne moja pale Kona ya Bwiru,
nimesimama na mfuko wa nyanya.
Subaru ya mwaka tisini na nane, gia za mkono,
buluu iliyochujuka bega la kushoto.
Ikapunguza mwendo kwa ajili ya tuta, ikashusha pumzi,
ile pumzi ya tabo, kama mtu aliyeamua kusamehe,
kisha ikapanda kilima, ikaniachia kifua kinatetemeka.
Miaka kumi na tisa nasikiliza kompresa.
Naijua injini inayolalamika, naijua inayodanganya.
Ile ilikuwa inasema kweli.

Mwenyewe ni Magesa, mwalimu wa hesabu, Nyakato.
Anauza kwa kuwa mgongo wake umevikataa viti.
Milioni tisa na nusu, haipungui, labda kidogo.
Ninazo nne:
nne za kopo la maziwa ya unga,
nne za kukwepa sare za harusi.

Dada akasema, "Kukopa harusi, kulipa matanga."
Nikamjibu, harusi zenu nimezichangia zote
na sijawahi kuwa bibi harusi.
Shemeji akasema kwa hela hiyo napata kagari kadogo,
kapya kidogo, ka kwenda sokoni.
Kweli. Lakini sokoni nafika kwa miguu.

Afisa mikopo, Bi. Nkwimba, miwani kwenye kamba:
"Gari lililozidi miaka kumi na tano hatulipokei kuwa dhamana.
Una nini kingine?"
Nikamtajia kiwanja cha Buhongwa. Nusu yake jiwe.
"Nusu jiwe?"
"Mwanza hii, nani kiwanja chake si jiwe?"
Akacheka kwa pua.
Wadhamini wawili: Kabula wa mizani,
na Tito wa boila, aliyesaini bila kusoma,
kisha akasoma, kisha akaomba apakiwe Jumapili.

"Na sababu?"
Ningeweza kusema biashara. Wote husema biashara,
hata anayekopa kuzika.
Nikasema, "Mama, njoo dirishani."

Chini, mwalimu Magesa akawasha.
Vioo vya ghorofa ya pili vikaitika.
Kongoti wawili juu ya bati wakanyoosha shingo.
Bi. Nkwimba akavua miwani, akanyamaza
mpaka injini ilipotulia.
"Linakulaje?"
"Lita moja, kilomita saba. Nane nikiwa na hekima."
"Huna hekima," akasema,
akaandika kisandukuni kwa mkono wake mwenyewe: usafiri.
Miezi thelathini na sita.

Leo nimelipa rejesho la nne.
Mwezi uliopita bomba la tabo lilipasuka Usagara;
nikala dagaa wiki tatu, nikalifunga mwenyewe
kwa klipu za kiwandani
(nilizilipia, naomba iandikwe).

Jumapili nikampakia Tito mpaka daraja la Busisi.
Tukasubiri lori la ng'ombe lipite.
Gia ya tatu. Ya nne.
Ziwa pande zote mbili, limetulia kama mkopeshaji.
Tito akafumba macho, akataja jina la mama yake.
Mimi nilikuwa nasikiliza.
Deni lilikuwa nyuma, linakuja, nyumbani kwangu linapajua,
ila kwa zile kilomita tatu
halikuona hata taa zangu za nyuma.