Alama Ishirini

Swali lipo ubaoni tangu Jumanne:
mwandishi ametumiaje kejeli kuukosoa mji wake?
Toa hoja nne. Nukuu kitabu. Jibu kwa Kiingereza.
Mwalimu Mhina alilipigia mstari neno kejeli
mpaka chaki ikakatika.

Niko Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
taa ya sola imebaki na nusu ya roho,
na kitabu cha shule ambacho ukurasa wa tisini
mtu aliuchana, nadhani akafungia karanga.
Ni riwaya ya mji usio na jina.
Mkuu wake kila mwaka huzindua bomba,
bomba lilelile,
kwa tarumbeta, kwa viti vya kukodi, kwa hotuba ndefu,
na maji hayatoki,
na watu hupiga makofi, ndoo zimebanwa magotini.

Nilipoisoma mara ya kwanza
nilicheka hadi mdogo wangu Sikudhani akaamka akalia.
Sasa natakiwa nieleze nilichekea nini,
aya sita, utangulizi hadi hitimisho.
Nikiwa na miaka saba niliifungua saa ya ukutani
nione kinachosema ndani.
Niliporudisha mfuniko
vidude vitatu vilibaki kiganjani, na saa kimya.

Nimeandika: mwandishi anatia chumvi.
Nimefuta.
Kwa Kiingereza chumvi hubaki jikoni.
Neno lao la kejeli lina herufi sita, letu pia sita;
nimezihesabu mara mbili, kwa kukosa la kufanya.

Mama yuko kwenye cherehani, anamalizia sare za watu.
"Nisomee na miye," akasema, "usicheke kama mwizi."
Nikamfasiria, sentensi kwa sentensi:
mkuu, jukwaa, mkasi kwenye sinia,
utepe mwekundu, makofi.
Mguu wake ukasimama juu ya pedali.
Hakucheka.
Akavuta droo, akapekua chini ya vifungo na mikebe ya uzi,
akatoa utepe mwekundu, kama mita tatu,
una mishono saba.

"Wakishakata huniletea,
niuunge wa mwakani.
Elfu tano. Mwaka juzi walisahau kunilipa."
Bomba gani, mama?
"Bomba, choo cha soko, darasa.
Utepe hauulizi."
Kisha, akirudisha mguu kwenye pedali:
"Hivyo viatu vyako vya shule ni mshono wa tano."

Nikavitazama mlangoni, vimekaa pua kwa pua.

Hoja ya nne sikuitafuta tena.
Niliandika kwamba jiwe la mwandishi limempata mkuu,
nasi tukashangilia,
lakini nyuma ya jukwaa yupo mtu na sindano
anayeunga kilichokatwa
ili kesho kikatwe tena,
na ana watoto, na watoto wana miguu,
na kitabu hakikumwona.
Vitenzi vyangu vilichechemea, wakati uliopita
ukaingia nyumba ya wakati uliopo bila hodi.
Jina la mama sikulitaja.
Taa ikazima kwenye neno la mwisho;
nukta niliiweka kwa kupapasa.

Ijumaa daftari likarudi. Kumi na moja.
Pembeni, wino mwekundu, Kiingereza kilichonyooka:
Sarufi! Mfano huu haumo kitabuni.
Ukurasa wa ngapi?
Na chini kabisa, kwa penseli, herufi ndogo,
kwa Kiswahili, ambacho kwenye kipindi chake
tunakilipia faini ya shilingi mia:
*Na siku ya darasa letu jipya?
Nilikaa mstari wa mbele. Nilipiga makofi.*

Mama ameuliza kama kumi na moja ni nyingi.
Nimemwambia zinatosha.
Mwalimu bado sijamjibu.
Akinibana, nitasema:
wa tisini.